Nyuki Wasiotoa Asali

Nilizaliwa Maswa ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu, ambamo Maswa imo sasa, ulikuja 2012. Nikachunga ng'ombe, nikasoma, nikaenda chuo cha nyuki Tabora, nikarudi nyumbani kuwa bwana nyuki. Sasa nimestaafu, na kila msimu naona ngitili nyingine, malisho yetu ya akiba, ikifyekwa kupisha pamba. Siwezi kunyamaza.

Huku kwetu Usukuma miti iliwahi kukatwa kwa makusudi, kumaliza mbung'o na kupanua mashamba. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza 1986, na wazee wakahimizwa kurudisha ngitili: malisho yanayofungwa masika, yakafunguliwa kiangazi nyasi zinapoadimika kwingine. Visiki vya migunga vikachipua. Maua yakarudi, na nyuki wakarudi.

Aliyenifundisha kuwatazama nyuki ni mzee mmoja mrina asali. Siku moja aliipita mizinga yake yote, akanisimamisha penye gogo kavu lenye tundu la mviringo. Akatoka nyuki mkubwa mweusi, akaenda kwenye ua la ndulele. "Sikiliza, kijana wangu." Nyuki akalikumbatia ua, akatetemeka kwa mlio mkali, unga wa manjano ukamwagikia tumboni. Chavua ya ndulele imo ndani ya vifuko vilivyotoboka nchani tu, haimwagiki vizuri bila kutikiswa. Nyanya na bilinganya ni jamaa zake, maua yao yameumbwa hivyo hivyo. Nyuki wa asali hana mtikiso huo.

Nikayaandika hayo kwenye taarifa, pamoja na nyuki wanaochimba udongo. Mkubwa wangu wa kazi akairudisha. Alitaka idadi ya mizinga na kilo za asali. Nyuki asiyetoa asali, alisema, hana safu kwenye fomu. Tulibishana miaka, na mpaka leo sijakubali. Duniani kuna aina zaidi ya 20,000 za nyuki, na walio wengi huishi mmoja mmoja, ardhini au ndani ya mashina makavu. Tundika mizinga mia, hutakuwa umempa hata mmoja wao pa kulala.

Vijana mnaoshika kazi hii, msikubali kupimwa kwa mizinga peke yake. Waambieni wenye ngitili wasichome moto, na akina mama wanaookota kuni waachiwe njia lakini magogo machache yabaki. Kipande cha ardhi kisilimwe, kwa ajili ya nyuki wanaochimba. Dawa ya pamba ipigwe jioni, nyuki wakisharudi. Na fomu ikikosa safu, chora safu kwa mkono, ujaze, utie sahihi. Mkulima wa nyanya anayelalamika kwamba maua yanapukutika bila tunda anastahili ofisa anayejua gogo la yule nyuki mweusi limeenda wapi.