Kifungu cha Nne

Mwaka 1918 chama cha Labour cha Uingereza kiliandika katika kifungu cha nne cha katiba yake kwamba njia za uzalishaji mali zimilikiwe kwa pamoja. Hayakuwa maneno matupu: 1947 migodi ya makaa ikataifishwa, 1948 reli. Hugh Gaitskell, aliposhindwa uchaguzi wa 1959, alitaka kuyabadilisha, akagonga mwamba. Baadaye yakachapishwa hata kwenye kadi za wanachama, wakatembea nayo mfukoni mithili ya hirizi. Tony Blair aliyafuta 1995, kwa kura za mkutano maalumu. Maneno mapya yalisifu ushindani wa soko. Kwa lugha yalipwaya. Kwa kura yalizaa. Mwaka 1997 chama kikashika dola, na treni zilizokwisha kubinafsishwa zikabaki mikononi mwa makampuni.