Nililishwa na neno "usinunue"

Kiangazi cha 2020 Houston ilijaa Mustang za kuuza. Tarehe 20 Aprili bei ya mafuta ghafi ya Marekani ilikuwa imeporomoka hadi chini ya sifuri, dola 37 na senti 63 hasi kwa pipa, na huu ni mji unaokula mafuta na kulala mafuta. Vijana waliokuwa wakilipwa vizuri kwenye visima vya magharibi ya Texas walirudi mjini bila kazi, wakiwa na gari la kifahari na deni lake. Mume wangu naye aliachishwa, ingawa yeye alikuwa anakata mabomba yadi na gari letu lilikuwa Corolla. Mimi nilikuwa natandika vitanda hotelini. Hoteli ilifungwa Machi. Zile dola 600 za kila wiki ambazo serikali kuu ilikuwa ikiongeza juu ya posho ya wasio na kazi zilikoma mwishoni mwa Julai, na kuanzia Agosti mchele nyumbani kwetu ulipimwa kwa kikombe.

Kwenye maombi yetu ya Jumamosi watu hupenda ushuhuda wenye muujiza: barua imefika, simu imelia, malaika amegonga mlango. Wangu una grisi. Nautoa hivyo hivyo.

Kabla ya kuja Marekani nilisoma umeme wa magari chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, Tanzania, kisha nikafanya kazi mtaa wa Gerezani, ambako ukizubaa unauziwa taa iliyong'olewa kwenye gari lako mwenyewe. Huku vyeti vile havikunifungulia mlango hata mmoja, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyejua kwamba yule mama wa shuka safi anaweza kushusha injini. Aliyejua ni kijana mmoja wa Uvira, jirani yetu wa ghorofa ya chini, kwa sababu niliwahi kumtengenezea swichi ya feni ya rejeta kwa waya na subira. Yeye kazi yake haikusimama. Alikuwa anapakia mizigo ghalani usiku kucha, na alikuwa ameweka akiba. Akaja kugonga. "Mama, kuna Mustang nataka kununua. Twende uniangalizie, nitakulipa kidogo."

Hapo inafaa niseme kwamba sina ugomvi na magari yaliyobadilishwa. Haya magari ya misuli, ukoo wa Mustang, yenyewe yalizaliwa hivyo. Pontiac GTO ya 1964, ambayo wengi huitaja kuwa ndiyo iliyoanzisha mtindo, ilikuwa ni injini kubwa ya lita 6.4 iliyopachikwa kwenye gari la wastani, na waliofanya hivyo walikuwa wahandisi wa kiwanda wenyewe. Kwa hiyo mtu akiniambia gari limeguswa, siogopi. Nauliza limeguswa na nani, na alimaliza kazi?

Mustang ile ilikuwa GT ya 2011, mwaka ambao Ford walileta injini mpya ya lita 5 yenye silinda nane na nguvu za farasi 412. Muuzaji, kijana mstaarabu tu, alitaka dola 19,500. Alisema ametumia dola 12,000 juu ya bei ya gari: supachaja ya kuzungushwa na mkanda, ekzosi mpya, springi fupi, rimu nyeusi. Alimweleza mume wangu, aliyekuwa ametuendesha. Mume wangu akanionyesha mimi kwa kidole gumba, akaenda kukaa kivulini.

Nilianza nyuma, si mbele. Watu wengi wakifunguliwa boneti wanaona supachaja inang'aa na akili inahama. Mimi nilichuchumaa kwenye gurudumu la nyuma nikapitisha mkono ndani ya mdomo wa bodi, juu ya tairi. Kulikuwa na chembechembe za mpira zilizoyeyuka na kuganda kwenye rangi, ngumu kama ukoko wa ugali. Gari linaloendeshwa kazini na kurudi halifanyi hivyo. Hayo ni mabaki ya kuchoma tairi gari likiwa limesimama. Halafu nikasoma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa matairi, ambazo ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ya mbele yalikuwa ya 2015. Ya nyuma yalisoma 0520, yaani wiki ya tano ya mwaka uleule tuliokuwa nao, na tayari vipara. Muuzaji alikuwa ametuambia gari halijawahi kukimbizwa.

Sikumbishia. Nilichomeka mashine ya kupimia chini ya usukani. Kila gari lililouzwa Marekani tangu 1996 lina tundu lile, na ndani yake kuna mambo ambayo wauzaji wengi hawajui kwamba yanasomeka. Hakukuwa na kosa hata moja, na taa ya injini haikuwaka. Safi, alisema muuzaji. Lakini kuna mstari mwingine unaosema gari limetembea umbali gani tangu kumbukumbu ya makosa ifutwe. Ulisoma maili 4. Na vile vipimo ambavyo kompyuta hujifanyia yenyewe gari likiwa njiani, karibu vyote vilikuwa havijakamilika. Maana yake ni kwamba asubuhi ileile mtu alikuwa amefuta makosa, au amechomoa betri. Wakati ule kaunti yetu ya Harris ilikuwa inapima moshi wa magari kila mwaka, na gari likifika kituoni vipimo vile havijakamilika linarudishwa. Hili lisingepita hata vipimo vingekamilika: masega ya ekzosi, yale ya kusafisha moshi, yalikuwa yametolewa na mahali pake pamechomelewa bomba tupu, jambo ambalo sheria ya Marekani inalikataza nchi nzima.

Ndipo nikafungua boneti. Supachaja ilikuwa nzuri kweli. Waya zake zilikuwa aibu. Zilikatwa, zikasokotwa kwa mkono na kuvishwa utepe mweusi ambao joto lilikuwa limeshaanza kuubandua. Mtu anayeweka kitu cha dola elfu kadhaa halafu akashindwa kununua risasi ya kulehemu waya, huyo hakumaliza kazi. Nikauliza maswali matatu: pampu ya mafuta ilibadilishwa? Nani aliandika programu ya injini, na kifaa alichotumia kiko wapi? Risiti zipo? Pampu hakuwa na hakika. Programu iliandikwa na rafiki wa rafiki. Kifaa alishakiuza. Sasa vifaa hivyo, vingi vyake hujifunga na gari moja mpaka programu ya kiwandani irudishwe, kwa hiyo aliyekinunua alinunua kitu cha kuwekea milango isifunge, na sisi tungenunua injini ambayo hakuna ajuaye imeambiwa nini. Injini ikisukumiwa hewa nyingi bila mafuta ya kutosha, joto linapanda ndani ya silinda na pistoni ndizo zinazolipa.

Muuzaji alikubali nitoe plagi. Nilipima kompresheni. Silinda saba zilikuwa zinakaribiana, kati ya 185 na 195. Ya nane ilitoa 140. Nilirudia kwa kudondoshea oili kidogo, ikapanda, dalili kwamba upungufu uko kwenye ringi na si kwenye vali. Nikafunga plagi zote, nikamnong'oneza kijana wa Uvira kwa Kiswahili, muuzaji akitutazama bila kuambulia kitu: "Usinunue."

Alinyong'onyea. Alikuwa ameshalipenda, na mtu akishapenda gari huwezi kumwambia kitu kwa hasira. Nikamfanyia hesabu mgongoni mwa bahasha. Naanzia bei ya gari kama hilo, mwaka huohuo na maili hizohizo, lililobaki kama lilivyotoka kiwandani. Natoa gharama ya kurudisha kila kilichoharibiwa: hapo ilikuwa injini, masega, waya, na bima pia niliigusa, maana bima ya kawaida hailipi supachaja usiyoitaja. Mwishoni ndipo naongeza kidogo kwa kilichofanywa vizuri. Zile dola 12,000 za mwenye gari hazimo kabisa kwenye hesabu yangu. Ni starehe yake, alishaila. Ile hesabu ilishuka hadi chini ya dola 8,000, na muuzaji asingekubali, na hakukubali. Njiani kijana alinipa noti tatu za dola ishirini. Tulipita dukani tukanunua kuku.

Sikujua kwamba hiyo ni kazi. Kijana wa Uvira ndiye aliyeigeuza kuwa kazi, kwa kusimulia ghalani jinsi mama mmoja Mtanzania alivyomwokolea akiba yake. Wakaanza kuja Wakongo wenzake, Wakenya, kisha Wamexico na Wavietnam walioniletea wakalimani wa miaka kumi na mbili. Nilipandisha malipo hadi dola 120. Mume wangu alikuwa dereva na mshika tochi, na mara nyingi wauzaji walimhutubia yeye dakika kumi nzima kabla hajawaambia kwamba fundi ni yule aliyelala chini ya gari. Tulifanyia kazi Corolla na Altima nyingi, lakini zilizoleta hela zilikuwa Mustang, Camaro na Challenger, kwa sababu ndizo zilizouzwa kwa wingi na ndizo zilizoficha mengi. Msimu ule hata kwenye foleni ya chakula cha msaada, pale maegesho ya uwanja wa NRG, uliweza kuona Camaro yenye ekzosi ya kunguruma, mwenyewe ameizima na kuisukuma kwa bega ili isile mafuta.

Kazi hiyo haikumaliza ugumu. Kodi ilikuwa imelala. Septemba 2020 serikali ilitoa amri ya kuzuia wapangaji kufukuzwa, lakini amri haikufuta deni, ikalala tu juu yake kama blanketi. Barua ya mwenye nyumba ilikuwa imekunjwa ndani ya dashibodi yetu siku niliyoitwa na muuguzi mmoja, mwenyeji wa Kakamega, aliyetaka kumnunulia mwanawe Challenger kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Bodi lilikuwa jipya, ndani kunanukia vanila. Harufu ikizidi namna hiyo, naenda moja kwa moja kwenye mkanda wa kiti. Nikauvuta polepole mpaka mwisho wake, ule mwisho ambao hakuna abiria anayeufikia. Kulikuwa na mstari wa tope kavu, rangi ya chai ya maziwa, umekatiza utepe. Chini ya kiti boliti zilikuwa na kutu, na kwenye shimo la tairi la akiba kulikuwa na mchanga laini kwenye kona ambazo ufagio haufiki. Agosti 2017 kimbunga Harvey kilizamisha magari ya Houston kwa maelfu na maelfu, na si yote yaliyokwenda kusagwa. Kadi ya gari hili ilikuwa safi, imetolewa jimbo lingine.

Mwenye yadi aliniita pembeni. Alikuwa mpole. Alisema dola 300 leo, na 300 kwa kila gari lake nitakalolisifu kuanzia leo. Sitajisifu kwamba sikuzihesabu. Nilizihesabu, nikazigawanya kwenye kodi pale pale nimesimama. Lakini kitu pekee nilichokuwa nauza ni kwamba nikisema gari zima, ni zima. Ningekiuza mara moja tu, nisingekuwa na cha kuuza wiki inayofuata. Nikaenda nikamvutia muuguzi ule mkanda, akaugusa mwenyewe kwa kidole. Kwenye Corolla mume wangu aliuliza, "Amekupa ngapi?" Nikamwambia alichotaka kunipa. Akawasha gari. Tulipofika taa ya tatu akaanza kucheka, na kile kicheko kiliniudhi kwa wiki nzima, kisha kikaacha.

Muuguzi alikuwa na wenzake wodini, na wenzake walikuwa na watoto. Kufikia Juni 2021 bei za magari yaliyotumika Marekani zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya mwaka mmoja, viwanda vikikosa chipu za kompyuta za magari mapya, na mtu anayekaribia kulipa bei hiyo haoni ubaya wa kuongeza dola 120. Kodi ya nyuma tulimaliza kuilipa mwaka huo. Mume wangu alirudi yadi. Mimi sikurudi kwenye vitanda.

Nisionekane kuwa nilikataa kila kitu. Nilimpitishia fundi mmoja wa mitambo GT ya 2014 iliyokuwa na supachaja pia, na nililala usingizi. Mwenye gari lile alileta faili: risiti, karatasi ya vipimo vya nguvu za injini, jina la karakana iliyoandika programu, na pampu ya mafuta iliyobadilishwa siku moja na supachaja. Gereji kwake kulikuwa na maboksi mawili yenye kila kifaa cha kiwandani alichokivua, kila boliti kwenye mfuko wake umeandikwa. Silinda nane zilitofautiana kwa pointi tano. Alitaka bei kubwa na nilimwambia mteja asiombe kupunguziwa sana, asije akamuudhi.

Na yule muuzaji wa kwanza, wa Mustang ya 2011? Alinipigia simu mwaka uliofuata. Gari alishaliuza kwa mtu mwingine, hakusema kwa kiasi gani, na sikumuuliza. Alikuwa amepata kazi na ameona Camaro SS huko Katy, imefanyiwa mambo fulani, na mwenyewe anasema haijawahi kukimbizwa. Akauliza kama ninaweza kwenda naye kuiangalia. Nikamwambia ni dola 120, na kwa kuwa Katy ni mbali, mafuta ni juu yake.