Moshi, Baridi na Jua Chini ya Paa Moja

Wahenga walinena kuwa pafukapo moshi hapakosi moto. Kauli hiyo ina hekima yake, ila inamwelekeza mja kutazama nyuma ya moshi, uliko moto, na kumsahaulisha kutazama mbele yake, kilipo kifua kinachouvuta. Vivyo hivyo, binadamu amezoea kulitaja joto kali au baridi kali kuwa ni kudura ya Mwenyezi Mungu, na moshi kuwa ni kero ndogo ya jikoni na barabarani. Hakika ni kwamba mambo hayo hayatembei mbalimbali. Ni washirika, na aghalabu hukutania katika nyumba ya mtu asiye na kitu.

Mwili wa mwanadamu umeumbwa kudumu karibu na nyuzijoto 37 za selsiasi. Baridi inapozidi, mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hujibana ili joto lisitoroke. Shinikizo la damu hupanda na moyo ukalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Joto linapozidi, mishipa hiyo hutanuka na jasho hutoka ili ngozi ipoe. Hata hivyo, jasho humpoza mtu pale tu linapokauka. Huko Mombasa mwezi Machi, hewa ikiwa imejaa unyevu, jasho hutiririka bila kukauka, nao moyo huhangaika kwa kazi isiyo na faida. Joto la mwili likipita nyuzi 40, ubongo, figo na ini huanza kudhurika, na mtu aweza kuaga dunia katika muda wa saa chache.

Tazama sasa jinsi moshi unavyoingia katika kisa hiki. Jiji la Nairobi limejengwa juu ya mwinuko wa mita 1,700 hivi, na usiku wa Julai kipimajoto hukaribia nyuzi 10. Katika majumba ya mawe, watu huongeza blanketi la pili. Katika mitaa ya mabanda, ambako ukuta ni bati na blanketi ni moja, mama huliingiza ndani jiko la makaa alilopikia, akafunga dirisha na kuziba nyufa kwa matambara ili wanawe wasilale wakitetemeka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo alivyofunzwa. Lakini ufa ule ndio uliokuwa pua ya nyumba. Makaa yanapowaka katika hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Waliolala hawakohoi wala hawaamki. Mama huyo hakuwa mzembe. Alichagua kati ya baridi aliyoihisi na sumu asiyoiona.

Wanaoamka nao hawajasalimika. Moshi wa makaa, kuni, mafuta ya taa na magari hubeba chembechembe zisizozidi maikroni 2.5 kwa upana, yaani nyembamba kuliko unywele karibu mara 30. Pua haiwezi kuzizuia. Hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine zikaingia katika damu. Hapo ndipo huzuka nimonia kwa watoto, pumu, saratani ya mapafu, maradhi ya moyo na kiharusi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa hewa chafu, ya ndani na ya nje ya nyumba, hufupisha maisha ya watu takriban milioni 7 kila mwaka.

Isidhaniwe kuwa balaa hili ni la Afrika pekee. Mnamo tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, baridi kali iliwafanya wakazi wa London wachochee makaa ya mawe kwa wingi majumbani. Hewa baridi ililala chini, hewa yenye joto ikaifunika juu mfano wa kifuniko cha sufuria, na moshi ukakosa pa kutokea. Makadirio ya kwanza yalitaja waliofariki kuwa 4,000. Watafiti wa baadaye waliyafikisha 12,000. Kisa ni kile kile cha mama wa Nairobi, ila safari hii chumba kilikuwa jiji zima.

Joto nalo lina njama yake. Jua kali linapoupiga moshi wa magari, huzalika gesi ya ozoni karibu na ardhi, nayo huchoma njia za pumzi. Agosti 2003, joto kali lilipoikumba Ulaya, ozoni nayo ilipanda, na nchini Ufaransa peke yake watu wapatao 15,000 walifariki. Wengi wao walikuwa wazee, na katika jiji la Paris, waliokaa vyumba vya darini, chini kabisa ya paa, ndio waliokuwa hatarini zaidi.

Paa, basi, si jambo dogo. Wajenzi wa kale wa Lamu walilijua hilo: walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na kuezeka kwa makuti yanayopitisha upepo. Walalahoi wa leo huezeka kwa wanachokimudu. Bati lile lile linalowagandisha Julai huwachoma Februari, ilhali aliye na nyumba bora huyasikia majira redioni tu.

Fauka ya hayo, muuaji huyu hatajwi. Cheti cha kifo huandikwa nimonia, moyo au kiharusi. Ilichukua hadi Desemba 2020 kwa uchunguzi wa kisheria huko London kutamka kuwa hewa chafu ilichangia kifo cha Ella Adoo-Kissi-Debrah, msichana wa miaka 9 mwenye pumu, aliyefariki mwaka wa 2013 na ambaye aliishi karibu na barabara yenye magari mengi. Kisichotajwa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakitengewi fedha.

Hata hivyo, moshi si kudura. Uingereza ilitunga sheria ya hewa safi mwaka wa 1956. Kenya iliacha petroli yenye risasi, madini yanayodumaza bongo za watoto, mwaka wa 2006. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Palipo na nia, njia haikosekani.

Kila Julai hutolewa maonyo kwamba jiko la makaa lisilazwe ndani. Onyo hilo ni jema na liendelee kutolewa, kwani huokoa maisha. Lakini kumwambia mama afungue dirisha ilhali wanawe wanatetemeka ni kumpa nusu ya shauri na kumnyima nusu ya pili: mtungi wa gesi anaoumudu, ukuta unaozuia upepo na paa lisilogeuka barafu usiku na tanuri mchana. Mpaka atakapoipata nusu hiyo, ataendelea kuziba ufa, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu.