Kilo Zimegoma, Nguvu Imepanda

Kila ifikapo Machi huku Uingereza, simu za Waswahili hujaa ujumbe wa waliokata tamaa. Mtu kaanza jim Januari, kanyanyua vyuma mara mbili kwa wiki bila kukosa, na sasa anataka kuacha kwa sababu mizani bado inasoma kilo zilezile. Hakuna anayemuuliza siku hizi anabeba nini, au anapanda ngazi za stesheni bila kuhema. Anaulizwa kapungua kilo ngapi, na asipokuwa na jibu, miezi miwili ya jasho inahesabiwa hasara. Hesabu hiyo ni potofu, na inatuumiza sisi kuliko inavyowaumiza wenyeji.

Unapoanza kunyanyua vyuma, mabadiliko ya mwanzo yako kwenye neva: ubongo unajifunza kuishughulisha misuli mingi zaidi kwa pamoja. Ndiyo maana nguvu hupanda katika wiki za mwanzo, kabla msuli wenyewe haujakua. Misuli nayo huweka akiba ya wanga, na kila gramu ya akiba hiyo hushika takriban gramu 3 za maji, kwa hiyo mafuta yanaweza kupungua taratibu na mizani isitikisike. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walichapisha Marekani utafiti juu ya wazee dhaifu 10 wa umri wa miaka 90 hivi, waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Wazee hao walifanyishwa mazoezi mazito ya miguu kwa wiki 8. Tisa waliomaliza waliongeza nguvu kwa wastani wa asilimia 174, na mwendo wao ukawa mwepesi zaidi. Faida yao ilikuwa miguuni, na mizani ya bafuni isingewaonyesha.

Nyumbani kipimo hiki cha nguvu tunakijua bila mwalimu. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20. Mama anaishika ukingo, anaipandisha gotini, anavuta pumzi, kisha anaitua kichwani juu ya kata na kuondoka shingo imenyooka. Hakuna jirani anayeuliza mama huyo ana kilo ngapi. Ndivyo ilivyo kwa anayetwanga kisamvu: tunatazama kama kimelainika. Huku tunaonyeshwa picha za kabla na baada, tumbo likiwa limeingia ndani, na mkataba wa mwaka mzima wa kutia saini.

Mtu atasema nisiisifie mno nyumbani, maana huko huko kitambi kinahesabiwa mafanikio, na kisukari na presha vimeenea Dar es Salaam na Mombasa. Ni kweli, na naliona kwa uchungu. Bodaboda inatufikisha mlangoni, maji yanatoka bombani, lakini sahani ya ugali haijapungua. Mjini tumeacha kubeba, tukabaki kula kama wabebaji. Hilo halinifanyi niiamini mizani. Linanifanya niutake mzigo urudi.

Tena kwa wengi wetu huku, mwili ndio mtaji. Tunawageuza wagonjwa vitandani usiku, tunawasimamisha wazee wanaotuzidi uzito, tunapanga maboksi ghalani hadi alfajiri. Mgongo ukigoma, zamu zinapotea, na ada ya wadogo zetu na dawa za mama zinachelewa. Inaniudhi kuona mtu mwenye kazi ya namna hii akishauriwa aache vyuma, ajinyime chakula na kukimbia tu ili kilo zishuke. Anaambiwa apunguze kile kile kinachomlisha yeye na nyumba mbili.

Uzito nao si wa kupuuzwa. Miongozo ya afya ya Uingereza inawahesabu watu wenye asili ya Afrika kuwa katika hatari ya kisukari kwa uzito mdogo kuliko Wazungu. Lakini tangu 2022 miongozo hiyo hiyo inashauri kiuno kisifike nusu ya urefu wako: ukiwa na sentimita 170, kibaki chini ya 85. Utepe wa fundi cherehani unatosha. Na msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, hata kilo zisiposhuka.

Kuna wanaosema moyo hufa usipoona matunda. Basi yaandike. Nunua daftari, uandike tarehe, uzito wa chuma na mara ulizonyanyua, na mwisho wa kila mwezi pima kiuno. Shirika la Afya Duniani linamtaka kila mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, mnene na mwembamba sawasawa. Wewe uliyepanga kuacha wiki hii, usiache.