Mambo ya sidiria na maziwa, kutoka kwa mkalimani

Najua wengine mtasoma kichwa hiki na mtacheka, eti kijana mzima anaandika juu ya sidiria. Chekeni tu. Mimi ni mkalimani wa kujitolea hapa Nakivale, na siku za kliniki ya akina mama ndiyo kazi yangu. Musawo anaongea Kiingereza na Kinyankole, mama aliyefika juzi kutoka Rutshuru ao Fizi anaongea Kiswahili, Kinyabwisha ao Kibembe, na katikati niko mimi. Basi maneno yote ya matiti yanapita mdomoni mwangu, nipende nisipende.

Shida ya kwanza ni maneno yenyewe. Mama wa kwetu hawezi kusema "chuchu imepasuka" mbele ya kijana wa umri wa mtoto wake. Anainamisha kichwa, anasema "kifua kinaniuma." Ukitafsiri hivyo hivyo, musawo anaanza kusikiliza mapafu. Siku hizi nauliza kwanza: "Samahani mama, ni kifua cha kukohoa ao ni kifua cha mtoto?" Hapo anacheka kidogo, halafu anasema yote. Wakalimani wenzangu wa Juru na Rubondo, chukueni hiyo, ni ya bure. Na kama kuna mkalimani wa kike karibu, mpishe yeye, usijione mkubwa.

Lakini hii habari niliijua nyumbani kabla ya kliniki. Yaya wangu alijifungua mtoto wa kwanza mwaka jana, wakati wa mvua. Siku ya nne nilimkuta ameuma ncha ya kikwembe, mtoto yuko kifuani, machozi yanatoka bila sauti. Majirani walikuwa wameshapita na mashauri yao. Mmoja alisema vumilia, kila mama anapita hapo. Mwingine alisema maziwa yako ni mabaya, ndiyo maana yanaumiza, nunua ya kopo.

Kopo! Tangu 2023 WFP wanagawa msaada wa chakula hapa Uganda kwa makundi, na watu wengi wamepunguziwa. Bei ya kopo moja dogo ilikuwa inazidi pesa ya chakula ya mtu mmoja kwa mwezi mzima, na kopo dogo kwa mtoto mchanga halimalizi wiki. Hapo sijahesabu kuni za kuchemsha maji, na maji yenyewe, na kuosha kikombe kila mara. Mtoto akianza kopo, mama ananyonyesha kidogo, na akinyonyesha kidogo maziwa yanapungua, kwa sababu titi linatengeneza kadiri mtoto anavyovuta. Halafu kopo likiisha hakuna la pili. Kwa hiyo yale maumivu ya siku ya nne hayakuwa jambo dogo la wanawake. Ilikuwa ni chakula cha mtoto wetu cha miezi sita yote, maana ushauri wa WHO ni maziwa ya mama peke yake miezi sita, hata maji hapana.

Tulimwita mama wa VHT wa mtaa wetu wa New Congo. Hakuuliza habari ya maziwa mabaya. Alisema tu, "Mnyonyeshe nikuone." Alitazama muda mfupi, halafu akamwambia yaya aingize kidole kidogo kisafi pembeni ya mdomo wa mtoto, ili amwachie bila kuvuta. Yaya alikuwa anamchomoa kwa nguvu, na ukichomoa hivyo ngozi inaenda naye.

Kumbe mtoto alikuwa ameshika chuchu peke yake, kama mtu anayevuta soda kwa mrija. Inatakiwa aingize na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu, hasa upande wa chini. Mama wa VHT alimgeuza mtoto tumbo lielekee tumbo la mama, pua mbele ya chuchu, akangoja. Mtoto alipofungua mdomo mkubwa kama anapiga miayo, akamsogeza haraka kwenye titi. Si titi kwenda kwa mtoto, mtoto ndiye anakuja kwenye titi. Kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ujikunje nje. Yaya alishtuka mara moja, halafu mabega yakashuka. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikiangalia nje kwa heshima, lakini mabega niliyaona.

Alichotufundisha siku ile ni kwamba kuuma kidogo siku za kwanza, pale mtoto anapoanza kuvuta, kunaweza kuwepo na kunapita. Kuuma mpaka mwisho wa kunyonya, ao chuchu kupasuka, ni alama kwamba mtoto hajashika vizuri. Si ya kuvumilia, ni ya kurekebisha. Anza na upande usiouma sana, kwa sababu mtoto mwenye njaa anavuta kwa nguvu. Ukimaliza, kamua tone la maziwa yako, paka kwenye chuchu, acha ikauke kwa hewa. Usisugue kwa sabuni kila saa, inakausha ngozi. Na usiruke zamu: mtoto mchanga ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku moja na usiku wake, na titi lisilonyonywa linajaa, linakuwa gumu, na mtoto anashindwa kulishika kabisa. La yaya lilikuwa gumu kama papai bichi. Ilibidi akamue kidogo kwa mkono kwanza, baada ya kitambaa cha maji ya uvuguvugu, ndipo chuchu ikatokeza.

Halafu mama yule akaangalia sidiria. Akauliza, "Hii nani alikupa?"

Ilitoka kwenye mfuko ambao shirika moja liligawia wajawazito. Khanga, sabuni, ndoo, na sidiria, saizi moja kwa wote. Ilikuwa na waya chini, na ilikuwa imeacha alama kwenye ngozi kama ya kamba ya mbuzi. Maziwa yanapoingia kwa wingi, siku ya pili mpaka ya nne, matiti yanaongezeka, na nguo inayobana inakandamiza mahali maziwa yanapopita. Mama wa VHT alimwambia aivue, akae nyumbani na kikwembe kilicholegea mpaka uvimbe upungue, ndipo atafute nyingine.

Aliyetumwa kutafuta ni mimi. Yaya alijipima mwenyewe kwa kamba: fundo la kwanza chini ya matiti, kuzunguka mgongo, fundo la pili pale kwenye matiti, yakiwa yamejaa. Nilienda sokoni na kamba mfukoni. Dada wa mivumba (sisi tulizoea kusema chagua) aliita wenzake wote waje waone mvulana anayenunua sutieni kwa kamba. Sawa. Lakini bila kamba ningepotea, kwa sababu namba zinadanganya. Ile namba ni mzunguko wa chini ya matiti, na herufi ni ukubwa wa kikombe. Ila kila nchi inahesabu kivyake: 34 ya Uingereza na Marekani ni 75 ya nchi nyingi za Ulaya, na ni 90 ya Ufaransa. Zote ziko kwenye belo moja. Muuzaji aliniambia 90 ni ya mama mnene sana. Nikaweka kamba juu yake na juu ya 34, zikawa sawa.

Ukienda kununua, wewe ao mke wako ao yaya wako, tafuta isiyo na waya, ya pamba, mkanda mpana mgongoni, mabega mapana. Vidole viwili vipite chini ya mkanda bila kulazimisha. Kikombe kibaki na nafasi kidogo, kwa sababu asubuhi titi si lile la jioni. Mama akinunua kabla ya kujifungua, afunge kwenye ndoana ya mwisho, ile iliyolegea zaidi. Mbavu zikirudi baadaye atakaza. Ya mivumba vuta lastiki uone kama inarudi, na ifue kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kuvaa. Zile mpya zenye kifungo begani, zinazofunguka kwa mkono mmoja, zinapatikana maduka ya Mbarara, lakini kwa pesa ya moja pamoja na nauli mimi nilipata tatu za sokoni. Na mimi nasema tatu za mivumba ni bora kuliko moja mpya: moja mwilini, moja kwenye kamba, moja inangoja.

Kwenye kamba sasa, hapo ndipo kuna mambo. Kwetu ni aibu kuanika sidiria nje, watu wanapita, wakwe wanapita. Kwa hiyo akina mama wanaanika ndani, chini ya godoro ao chini ya nguo nyingine, na kesho wanavaa ikiwa bado na unyevu. Maziwa yanavuja, kitambaa hakikauki, na fangasi wanapenda hapo. Chuchu inaanza kuwasha na kuchoma, na mtoto anatoka madoa meupe mdomoni yasiyofutika. Hapo mama na mtoto wanatibiwa wote wawili, ukitibu mmoja wanaambukizana tena. Yaya alikataa kuanika nje. Tulikubaliana nikafunga kamba nyuma ya nyumba, upande wa choo, na kikwembe chepesi mbele yake kama pazia. Jua linafika, wakwe hawaoni. Na vile vitambaa vya kuzuia maziwa, vya pamba, vilivyokatwa mviringo kutoka shati langu la zamani, vinaanikwa hapo hapo na kubadilishwa vikilowa.

Kuna wakati si wa kamba wala kikwembe, ni wa kituo cha afya. Titi likiwa na sehemu nyekundu, ya moto, inayouma, na mama ana homa na kutetemeka, aende siku hiyo hiyo. Asiache kunyonyesha njiani, maziwa yakikaa ndani inazidi. Na mama anayetumia ARV, chuchu ikipasuka ao ikitoka damu, asingoje kesho: aende amwambie musawo, aelekezwe namna ya kumlisha mtoto wakati kidonda kinapona. Kwa hilo sisi wakalimani tuwe makini zaidi. Usiulize habari ya dawa kwa sauti kwenye mstari, uliza mkiwa chumbani.

Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, siwagombezi, nawaomba. Mkigawa sidiria, mje na saizi tatu ao nne na utepe wa kupimia, na mama mmoja wa kupima wenzake nyuma ya pazia. Kama haiwezekani, leteni mita mbili za kitambaa cha pamba na ndoana, mafundi wa cherehani tunao. Mmoja wa sokoni ndiye alitutengenezea zile tatu: alikata mkanda wa bega upande wa mbele, akashona ndoana ili kikombe kishuke. Mbili alimaliza kabla ya saa sita. Ya tatu alisema nirudi na ndoana nyingine, ile niliyomletea ilikuwa na kutu.