Wachungaji wa Mugonero

Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za mauaji ya kimbari ya Watutsi wa Rwanda ya 1994 ilipofika Arusha katikati ya miaka ya tisini, sisi wenyeji tuliiita Mahakama ya Rwanda, na jambo la kwanza tulilolijua juu yake lilikuwa kodi za nyumba. Mtaa wa Njiro bei zilipanda, wenye nyumba wakaanza kudai dola, na magari meupe ya UN yakazoeleka mjini hadi watoto wakaacha kuyapungia mkono. Kesi zenyewe zilisikilizwa ndani ya jengo la mikutano la AICC, kwa Kifaransa, Kiingereza na Kinyarwanda, na mkazi wa kawaida hakuwa na sababu ya kupanda ngazi zile. Mimi nilipanda kwa kuwa gazeti la Kiswahili nililokuwa nikiliandikia lilitaka habari fupifupi za hukumu.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Kanisa la Kilutheri, KKKT, kwa hiyo habari za wachungaji zilikuwa habari za nyumbani. Tulijua nani kahamishwa usharika, nani kagombana na baraza la wazee, nani anaandaliwa kuwa mkuu wa jimbo. Hatukuwa wageni wa migogoro. Wakati Walutheri wa Meru walipogawanyika, tuliona ndugu wa damu wakinyimana salamu kwa sababu ya dayosisi. Tulidhani hapo ndipo mwisho wa ubaya unaoweza kutoka kanisani.

Mwaka 1998 mahakama ile ilikuwa imekwisha kuwahukumu Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu, na Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Kwamba mwanasiasa anaweza kuongoza mauaji hakukumshangaza mtu nyumbani kwetu. Lakini Septemba 2001 kesi iliyoanza ilikuwa ya mchungaji. Elizaphan Ntakirutimana alikuwa kiongozi wa Wasabato katika eneo la Kibuye, magharibi mwa Rwanda, mzee aliyekaribia miaka themanini. Alishtakiwa pamoja na mwanawe Gérard, daktari katika hospitali ya Mugonero. Baada ya vita mzee alikwenda kuishi Texas, akakamatwa huko mwaka 1996, akapinga kuletwa Arusha hadi Machi 2000 alipokabidhiwa. Wakili wake, Ramsey Clark, aliwahi kuwa mwanasheria mkuu wa Marekani.

Sisi watazamaji tulikaa nyuma ya kioo, tukiwa na vifaa vya kusikilizia masikioni. Mashahidi waliofichwa majina waliketi nyuma ya pazia, wakiitwa kwa herufi mbili tu. Huoni uso, na sauti ya Kinyarwanda inakujia ikiwa imefunikwa na sauti ya mkalimani. Hata hivyo ulimwelewa shahidi. Ulielewa hasa pale alipoulizwa kwa nini alikimbilia Mugonero, akajibu kana kwamba swali lenyewe halikuwa na maana. Palikuwa na kanisa, palikuwa na hospitali, palikuwa na wachungaji. Angekwenda wapi tena?

Jibu hilo lilikuwa na historia. Katika machafuko ya miaka iliyotangulia, Watutsi waliokimbilia makanisani na misheni mara nyingi walipona, kwa sababu washambuliaji waliogopa kuvuka kizingiti. Waliokwenda Mugonero Aprili 1994 hawakuwa wajinga. Walirudia jambo lililowaokoa wazazi wao.

Ndani ya eneo lile la misheni walikuwamo wachungaji saba wa Kisabato, pamoja na wake na watoto wao. Walipoelewa kwamba watashambuliwa, walimwandikia barua Mchungaji Ntakirutimana, kiongozi wao. Barua hiyo ilikuwa kielelezo katika kesi. Waliandika kwa heshima zote, wakamweleza kwamba wamepata habari kuwa kesho yake watauawa pamoja na jamaa zao, wakamwomba aende kusema na meya. Walimkumbusha Esta, aliyewasemea Wayahudi kwa mfalme. Upande wa utetezi ulieleza kwamba alikwenda kweli kwa meya, akaambiwa hakuna linaloweza kufanyika, na majibu yakarudishwa hivyo. Shambulio likaja tarehe 16 Aprili. Ilikuwa Jumamosi, Sabato yao.

Jioni niliyomsimulia Baba habari ya barua hiyo, mama yangu alidakia kwamba ndiyo maana Zaburi ya 146 inatuonya tusiwategemee wakuu. Mtumaini Mungu, mwanadamu achana naye. Ni jibu ambalo Wakristo wengi hulitoa mpaka leo kila kiongozi wa dini anapofanya uovu. Baba alilikataa. Alisema watu wale walimtumaini Mungu sana, lakini walihitaji pia mtu mwenye gari, mwenye jina, ambaye meya angemsikiliza. Aliyewahi kuhitaji kusemewa hawezi kusema hahitaji viongozi. Halafu akaniuliza swali ambalo mimi, pamoja na kalamu yangu na kitambulisho cha mwandishi, sikuwa nimelifikiria: "Mwanangu, hao saba walioandika nao si wachungaji?"

Walikuwa wachungaji. Walisoma Biblia ile ile, waliwekewa mikono katika kanisa lile lile, na walipoandika walikuwa wamefungiwa pamoja na kundi lao. Magazeti yetu yaliandika juu ya mchungaji muuaji, na mimi niliandika hivyo hivyo kwa kuwa ndiyo iliyokuwa habari. Lakini kila tunaposema wachungaji wa Rwanda waliwasaliti waumini wao, tunawazika wale saba mara ya pili.

Februari 2003 majaji watatu, wakiongozwa na Erik Møse wa Norway, walimtia Ntakirutimana hatiani kwa kusaidia mauaji ya kimbari. Walimpa miaka 10. Mwanawe walimpa 25. Katika yote yaliyosomwa siku ile, jambo moja lilinikaa kuliko mengine. Majaji waliridhika kwamba mzee yule aliagiza mabati ya kanisa la Murambi, kule Bisesero, yaezuliwe ili Watutsi waliojificha wasipate tena pa kujificha. Desemba 2004 mahakama ya rufaa ilitengua sehemu ya hukumu ya kwanza, lakini kifungo kikabaki vile vile. Alimaliza adhabu yake mwishoni mwa 2006, akafariki Arusha mwezi uliofuata.

Wakati huo ilikuwa imekwisha kuja zamu ya Wakatoliki. Padri Athanase Seromba aliongoza parokia ya Nyange, ambako kanisa lilibomolewa kwa tingatinga likiwa na watu wapatao 1,500 ndani. Baadaye alikwenda Italia, akafanya upadri huko kwa jina jingine. Alihukumiwa miaka 15 Desemba 2006. Rufaa ya 2008 ikaifanya adhabu hiyo kuwa kifungo cha maisha. Lakini mahakama ile ile ilimwachia huru Padri Hormisdas Nsengimana mwaka 2009, kwa kuwa ushahidi haukutosha. Kanzu haikumhukumu mtu, wala haikumwokoa.

Nilipotafuta zaidi habari za Rwanda nilikutana na jina la Felicitas Niyitegeka wa Gisenyi. Hakuwa padri wala askofu. Alikuwa mlei aliyejitoa kwa kazi ya Kanisa, Mhutu, na aliwaficha Watutsi na kuwavusha kwenda Kongo. Kaka yake, afisa wa jeshi, alimtaka aondoke ajiokoe. Alikataa kuwaacha watu aliokuwa nao, akauawa pamoja nao. Rwanda leo inamhesabu miongoni mwa mashujaa wake.

Zaidi ya miaka ishirini imepita tangu hukumu ya Ntakirutimana. Mahakama ilifungwa mwisho wa 2015, wapangaji wa dola wakaondoka, na Baba amekwisha kutangulia. Katika usharika wetu bado watu hurushiana aya: mmoja anashika Zaburi ya 146, mwingine anashika Waebrania 13:17 inayoagiza kuwatii viongozi. Anayeisoma hiyo ya pili hadi mwisho atakuta kwamba viongozi hao wanatajwa kama watu watakaotoa hesabu. Sehemu hiyo husomwa haraka.

Mimi nimebaki na kipimo nilichokipata nyuma ya kile kioo. Mahubiri hayatoshi kumpima kiongozi, maana Ntakirutimana alihubiri maisha yake yote. Ninaangalia kama yuko upande mmoja wa mlango na watu wake. Njaa ikija, yeye anakula wapi? Mkuu wa wilaya akimkasirikia muumini mnyonge, yeye anasimama na nani? Akiulizwa hesabu ya sadaka na mjane, anajibu au anamnyamazisha? Kiongozi anayekaa mbali na hatari ya kundi lake siku za amani, huku akiheshimiwa na wakubwa, amejiwekea njia ya kutokea, na siku ya shida ataitumia. Anayekubali kufungiwa pamoja nasi ninamwamini, awe askofu au mwinjilisti wa mtaa, na ninadhani Mkristo anayemnyima mtu wa namna hiyo imani yake, kwa kuogopa kudanganywa tena, anamdhulumu.