Tarehe Juu ya Ubao

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nimefundisha shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, na methali hiyo nimewahubiria wazazi katika mikutano isiyo na idadi. Lakini ilinichukua muda mrefu kujiuliza swali dogo: huyo anayelea ni nani hasa? Ni mzazi peke yake? Ni mwalimu? Au hata mtu baki, asiyejua jina la mtoto, naye anaweza kuwa mlezi?

Mwaka 1998 nilikuwa nafundisha darasa la tano katika shule moja ya Mbagala, wilayani Temeke. Wakati huo Mbagala ilikuwa nusu mji, nusu shamba. Ukiteremka kwenye daladala kando ya Barabara ya Kilwa, ulipita mikorosho kabla ya kufika kwenye nyumba. Watoto, hata hivyo, walikuwa wengi. Darasani mwangu walikuwamo zaidi ya mia moja, madawati hayafiki ishirini, na wengi waliketi sakafuni.

Nyuma kabisa, karibu na dirisha, aliketi msichana mmoja ambaye mama yake alikuwa akiuza vitumbua. Alikuwa mpole na msafi, lakini kazi zake zilinikasirisha. Aliruka maneno. Alinakili makosa ya jirani yake kama yalivyo. Na kila siku alisahau kuandika tarehe. Daftari lake lilijaa wino wangu mwekundu: “Tarehe iko wapi?” Nilimwita mvivu mbele ya wenzake. Sitaficha, ndugu msomaji, kwamba nilimchapa pia, zaidi ya mara moja, kwa kosa la kuchungulia daftari la mwenzake.

Jumamosi moja walikuja watu wa klabu ya Lions kutoka mjini. Walikuwa wafanyabiashara, wahasibu na daktari mmoja wa macho, wamevaa vizibao vya njano na kubeba bango la kitambaa. Mimi na walimu wenzangu tulitazamana. Tulikwisha kuwaona wageni wa namna hiyo: hupiga picha, hugawa peremende, hutoweka. Nilitoka darasani kwangu huku nikihesabu saa za mapumziko nilizopoteza.

Wakabandika ukutani karatasi yenye alama kama herufi E, nyingine zimegeukia juu, nyingine chini, nyingine kando. Mtoto hakuhitaji kujua kusoma. Alionyesha kwa vidole tu upande zilikoelekea. Zamu ya yule msichana ilipofika, alionyesha ile kubwa ya juu. Ya pili akakisia. Ya tatu akanyamaza, akanigeukia mimi, kana kwamba anasubiri fimbo.

Baada ya wiki tatu hivi, miwani yake ikaletwa. Akaivaa, akaketi mahali pake pa siku zote, akautazama ubao kwa muda. Kisha akanyoosha mkono.

“Mwalimu,” akasema, “kumbe kila siku huwa unaandika na tarehe.”

Darasa lilicheka. Mimi nilitoka nje, nikasimama chini ya mwembe mpaka nikaweza kurudi.

Tangu siku hiyo nikaanza kuwafuatilia watu wa klabu hizi. Nilifahamu kwamba Lions walianzia Chicago mwaka 1917, na kwamba mwaka 1925 Helen Keller, mama wa Kimarekani aliyekuwa haoni wala hasikii, alisimama katika mkutano wao akawaomba wawe watetezi wa wasioona. Walikubali, na tangu hapo kazi ya macho imekuwa kazi yao duniani kote. Ombi la mwanamke mmoja lilisafiri zaidi ya miaka sabini mpaka likamfikia mtoto wa muuza vitumbua wa Mbagala.

Rotary nao, waliozaliwa katika mji huohuo mwaka 1905, walijichagulia adui wao mwaka 1985: polio. Walilenga kukusanya dola milioni 120. Kufikia mwaka 1988 walikuwa wamepata milioni 247. Ugonjwa huu hupita kwenye maji na vyakula vilivyochafuliwa na kinyesi, na mtaa usio na vyoo vya kutosha ni njia yake nyeupe. Kati ya watu 200 wanaoambukizwa, mmoja hivi hupooza, na hakuna dawa ya kumrudishia miguu. Sisi wa umri wangu tuliwaona wenzetu wakitambaa kwa mikono kwenda kisimani.

Mwaka 1996 mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili alipatikana nchini kwetu. Katika siku za chanjo za miaka iliyofuata nilijitolea kuandikisha watoto mtaani. Wauguzi walikuwa wa serikali, na wajumbe wa nyumba kumi ndio waliowatoa akina mama majumbani. Wanachama wa klabu walileta magari ya kubebea makasha ya barafu. Chanjo ile ikipata joto huharibika, na gari linalofika kwa wakati lina thamani kuliko hotuba. Matone mawili mdomoni, wino kidoleni, mtoto anayefuata. Mwaka 2015 Tanzania ilithibitishwa kuwa haina polio.

Lakini sitaki kuwasifu kupita kiasi. Klabu nyingine ilituletea makatoni ya vitabu, vyote vya Kiingereza, vyenye hadithi za theluji na mbwa wanaolala sebuleni. Nami nikafanya kosa la pili: nilivifungia kabatini kwa kufuli, nisije nikalaumiwa vikichakaa. Mchwa walivisoma kabla ya watoto. Baadaye tulipata vitabu vichache vya Kiswahili vya Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991 na kuwatia moyo wachapishaji kwa kununua sehemu ya nakala zao. Hivyo sikuvifungia. Vilichakaa katika muhula mmoja, na sijapata kuona uchakavu ulionifurahisha hivyo.

Ile miwani nayo ilivunjika kabla ya mwaka kwisha. Wenye vizibao vya njano hawakuwapo. Walimu tukachangishana, nami nikamhamishia msichana safu ya mbele, jambo ambalo ningeweza kulifanya tangu siku ya kwanza bila senti moja. Hapo ndipo nilipojifunza mpaka wa wahisani. Mgeni anaweza kukuonyesha kitu ulichokuwa hukioni. Kukiangalia kila siku baada ya hapo ni kazi ya mwenyeji.

Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Nafasi za wakati ule zilikuwa chache mno. Ana genge lake Mbagala, na miwani yake ya sasa kainunua mwenyewe. Mwaka 2022, baada ya polio kugunduliwa Malawi, wachanjaji walipita tena nyumba kwa nyumba. Siku hiyo nilikuwa nimepita kununua nyanya. Alinisalimu, “Shikamoo, Mwalimu,” akambeba mwanawe wa miaka mitatu, akaingia ndani kuchukua kadi ya kliniki. Mchanjaji, kijana mwenye haraka, alitaka kuipokea aisome.

“Subiri, mwanangu, nikusomee,” akasema. Akaipandisha miwani puani, akasoma chanjo moja baada ya nyingine, polepole, kwa sauti, na kila chanjo na tarehe yake.